Nimepewa ualimu mkuu shule ile ile niliyofundisha miaka 11. Rafiki yangu anachelewa, na kalamu nyekundu ninayo mimi

#1 MamaChaki

Habari za jioni wanajukwaa. Muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu, leo nimelazimika kuandika. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku kusini kwenye korosho. Miaka kumi na moja nimefundisha shule moja. Mwezi wa saba mwalimu mkuu wetu alihamishiwa shule mpya kata ya jirani, mimi nikaitwa halmashauri nikapewa barua. Sikuomba, sikumhonga mtu, wala sikujua kama jina langu limo. Makabidhiano yalichukua asubuhi moja: funguo, muhuri, vitabu vya fedha, orodha ya madawati, na neno moja, "utazoea tu mwalimu."

Sijazoea.

Siku ya kwanza nilipoingia ofisi ya walimu saa ya chai, mazungumzo yalikatika. Kijana mmoja akainuka kunipisha kiti, "Karibu mkuu." Huyo kijana nilimpokea mimi alipokuja na ajira mpya. Nilimtafutia chumba, nikamwazima godoro. Nikamwambia kaa bwana. Hakukaa. Akamalizia chai yake kasimama.

Halafu tuna kundi la WhatsApp la walimu wote, na tuna lile la pili, lisilo na mkuu. Walimu mnanielewa. Lile la pili nililianzisha mimi. Nilikuwa naiga sauti ya bosi wetu, narekodi, naweka, watu wanakufa kwa kicheko. Tangu barua yangu itoke kundi limekufa ganzi. Hakuna aliyenitoa. Siku ya tisa mmoja kaweka picha ya maua, "Ijumaa njema", wote wakaitikia amina. Kwenye kundi lile! Hapo ndipo nilipojua nimeshakuwa mgeni.

Lakini kilichonileta hasa ni shoga yangu. Nimwite Mama K. Tuliripoti wiki moja. Mwanangu wa pili anazaliwa, aliyekesha na mimi hospitali ni yeye. Tulikuwa na kibiashara chetu cha ubuyu na visheti wakati wa mapumziko, ndoo mbili, faida nusu kwa nusu. Na Mama K. huchelewa. Kitabu cha mahudhurio kinapigwa mstari mwekundu saa 1:30 asubuhi. Miaka yote nikisaini nilikuwa naruka nafasi moja juu yangu, yeye akija saa 2:10 anajijaza pale, "1:25". Mkuu wa zamani aliona, akanyamaza.

Sasa kalamu ninayo mimi. Siku ya kwanza nilichora mstari kwa rula. Akaja saa 2:05, akatazama kitabu, akanitazama mimi, akasema mbele ya watu, "Haya, bosi." Akasaini chini ya mstari. Tangu siku hiyo ananisalimia kama anavyomsalimia mkaguzi.

Nimfanyeje? Na mimi mwenyewe nikae vipi? Najiona kama nimevaa gauni la kuazima, kila nikikaa linanibana.

#2 KibuyuChaAsali

Humu kila mtu tunamwita mkuu, leo tumempata mkuu mwenyewe. Hongera mkuu. Nimekaa mkeka wa mbele nasubiri wajuzi.

#3 FundiCherehani

Ubuyu mlikuwa mnauza shilingi ngapi?

#4 MzeeKengele

Mwanangu, marahaba, hata kama hukuniamkia.

Nimestaafu 2018, miaka 60 kamili. Kazi nilianza 1976. Azimio la Musoma la 1974 lilisema ifikapo 1977 kila mtoto awe darasani, na walimu hawakuwepo. Wakatuchukua sisi vijana tuliomaliza darasa la saba, tukajifunza ualimu huku tunafundisha. Asubuhi unafundisha "ba be bi bo bu", mchana na wewe unafundishwa namna ya kufundisha hiyo "ba be bi bo bu". Kwa hiyo mimi kazi ya kujifunzia ndani ya kazi naijua. Ukuu niliupata 1989, nao ulikuwa vile vile. Hakuna aliyenieleza kitu.

Anza na kundi. Toka. Leo hii, wewe mwenyewe, bila kuaga na bila maua. Lile kundi ni mali yao. Walimu wakikosa mahali pa kukusema, watakusemea kwa wazazi, au kwa Afisa Elimu Kata, au watanyamaza kabisa, na mwalimu aliyenyamaza ni mbaya kuliko anayekuteta. Wewe ulimsema mwenzako miaka minne mitano, alikufa? Sasa ni zamu yako kusemwa. Hiyo ni sehemu ya kazi ingawa haimo kwenye barua.

Chai nenda. Usiletewe ofisini kama mgonjwa. Lakini usikae. Kunywa dakika kumi, ulizia mtoto wa fulani, toka, waache waendelee na yao. Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa kukaa mpaka kengele nikidhani nawapenda, kumbe nawakalia.

Jingine. Fungua kabati utafute kile kitabu kikubwa cha matukio ya shule, tulikuwa tunakiita logibuku. Mimi niliposhindwa kulala nilikisoma chote. Wakuu watano walionitangulia, kila mmoja mwezi wake wa kwanza ameandika mambo yale yale: uchelewaji, nyumba za walimu, fulani hasikii. Mmoja aliandika kwa wino wa kijani, "Leo walimu wamenisusia chai." Nilicheka peke yangu ofisini, usiku, na taa ya chemli. Nikalala.

Kuhusu Mama K. nitakuumiza kidogo. Ule mstari haukuwa wako, haukuwa wa mkuu wa zamani, ulikuwa wa shule siku zote. Yeye alikuwa anaiba dakika arobaini za watoto, na wewe ndiye uliyekuwa unamshikia ngazi. Usiende kwake kama bosi aliyeudhiwa. Nenda kama mwizi mwenzake aliyeacha.

#5 JogooLaShamba

Mzee Kengele naheshimu mvi, ila mnampamba huyu dada. Watu mkipewa funguo tu mnageuka. Mimi mkuu wangu tulikaa chumba kimoja chuoni, tulikula dona sahani moja. Kapata cheo, mtoto wangu anaharisha usiku kucha, nampigia saa 12 asubuhi, ananiambia "andika barua mwalimu". Mtoto kalegea mgongoni, mimi naandika "YAH: OMBI LA RUHUSA". Posho ya madaraka laki mbili kwa mwezi ndiyo inamtoa mtu utu?

Na wewe MamaChaki, mstari ni sawa, sheria ni sheria. Rula ya nini? Ulitaka wakuone. Basi wamekuona.

#6 Sabuni ya Mche

Rula 😂😂😂

#7 MamaChaki

JogooLaShamba, umenichoma kwa sababu ni kweli. Nilichukua rula nikijiambia mkono utatetemeka. Nadhani nilitaka waone pia.

Mzee wangu shikamoo, na asante. Logibuku nimeipata, panya wamekula kona moja. Nitarudi kuisimulia.

Ila naomba niseme jambo jingine lililonitokea, maana Mama K. amenifunika macho nikadhani tatizo ni urafiki tu.

Wiki ya tatu alikuja mama mmoja na mtoto wa darasa la nne. Mtoto mkono umevimba, una mistari. Yule kijana wangu wa godoro amemchapa fimbo saba kwa hesabu. Mama hakupiga kelele. Alikaa, akavua kandambili mlangoni kama kaingia msikitini, akasema: "Mwalimu, simkatazi mtu kumfundisha mwanangu. Nauliza tu, amekosa hesabu ngapi hata zifike saba?"

Nikafungua mdomo kumtetea kijana, kwa mazoea tu. Nilishaanza, "Unajua mama, watoto wa siku hizi..." Sentensi ikanifia hapo. Miaka kumi na moja mimi nilikuwa upande ule mwingine, na fimbo nimeshika. Tulikuwa na majina ya fimbo! Moja tuliiita Daktari. Nilichapa, nilitaniwa nikatania, na sikuwahi kuuliza ruhusa ya nani.

Mama alipoondoka nikatafuta waraka. Waraka wa Elimu Na. 24 wa 2002 uko wazi: viboko visizidi vinne, mwenye kuchapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kitabu nikakitafuta. Kipo, kabatini, chini ya bendera ya zamani. Kina kurasa tatu zilizoandikwa, ya mwisho ni ya mwaka 2014. Na sisi fimbo zilikuwa kila asubuhi, kama uji.

Nimemwita kijana. Nimemwambia hakuna tena fimbo shuleni bila karatasi yangu, na karatasi sitoi. Akaniambia kwa upole kabisa, "Lakini madamu, Daktari si ulimpa jina wewe?" Sikuwa na jibu. Na yeye sasa hanisalimii. Kwa hiyo nina wawili.

Nikaja kwenye fedha. Enzi za lile kundi letu nilikuwa nasema bosi anajenga kwa chaki zetu. Ruzuku ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, inayofika shuleni ni 6,000, nyingine ni ya vitabu. Tuna watoto 512. Pigeni hesabu: 3,072,000 kwa mwaka, kama 256,000 kwa mwezi, humo humo chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, nauli ya kufuata nyaraka halmashauri. Nilitafuta hizo chaki alizojengea nyumba sikuziona. Nimeanza kuona haya kwa vitu nilivyosema nikicheka.

#8 SistaWodi

Dada mimi ni muuguzi, nilipewa uinchaji wa wodi ya wazazi niliyofanya kazi miaka sita. Ratiba ya zamu unaipanga wewe. Mwezi wa kwanza nimepanga, naona niko sawa kabisa, mpaka mwenzangu mmoja alichukua kalamu akahesabu mbele yangu: rafiki yangu ana usiku wawili, wengine saba saba. Wallahi sikukusudia. Mkono ulikuwa unajiendea.

Nikaona aibu. Mwezi uliofuata nikampa rafiki yangu usiku tisa. Watu wakanisifu kwamba nimekuwa kiongozi. Yeye ana mtoto mchanga. Alizifanya zote tisa hakusema kitu, siku ya kumi akanifuata stoo ya dawa akaniuliza, "Mimi ndiyo karatasi unayoandikia kwamba wewe ni mwadilifu?"

Hicho ndicho nakwambia. Kumpendelea ni dhuluma, na kumkomoa ili wengine waone hupendelei ni dhuluma ile ile. Rula yako ndiyo usiku tisa wangu. Siku hizi ratiba naipanga kwa kufunika majina kwa karatasi, najaza nafasi kwanza, majina baadaye. Zinatoka saba saba na kila mtu ananung'unika kidogo.

#9 MwalimuNyamira

Hamjambo wenzetu wa Tanzania. Mimi ni mwalimu mkuu, Kenya. Huku kwetu 2018 TSC, tume inayoajiri walimu, ilianza kuwahamisha wakuu wa shule kutoka kaunti zao za nyumbani. Nilikuwa naibu, nikapandishwa, nikatupwa mbali, watu hawajui lugha ya mama yangu wala hawajui kama nilikuwa nacheza kadi jioni.

Kwa hiyo niliepuka haya ya Mama K. Kutoka kwenye lango naitwa Mwalimu Mkuu na kila mtu anasimama. Kozi za KEMI, taasisi ya mafunzo ya uongozi wa elimu, nilifanya, bajeti naijua, mipango naijua. Muhula wa kwanza ulienda laini sana nikajipongeza. Muhula wa tatu ndio niligundua ratiba niliyotunga ilikuwa mbovu, walimu wawili walikuwa wanagongana darasa moja kwa wakati mmoja, na shule nzima walijua tangu wiki ya pili. Hakuna aliyeniambia. Wangeniambiaje? Walinijua kama cheo tu, na cheo hakiambiwi.

Shule yangu ya zamani mtu angesema, "Wewe, hii ratiba umeandikia wapi, baa?"

Huyo anayekununia, madam, mtunze. Bado anakuonyesha uso wake.

Fimbo nazo huku zilipigwa marufuku 2001. Sitakudanganya kwamba ziliisha siku hiyo.

#10 MwenyekitiWaKijiwe

Samahani walimu, mimi niliishia la saba, ni bodaboda, ila ni mwenyekiti wa kijiwe cha pikipiki 34. Sheria yetu moja kubwa, foleni. Mteja ni wa aliye mbele. Ukiruka foleni faini 2,000. Siku waliyonichagua, wa kwanza kuruka alikuwa shemeji yangu, tena makusudi, anipime. Nikamwambia toa 2,000, akacheka akawasha pikipiki akaondoka. Mwezi mzima kila mtu anaruka ananiambia "kamdai shemeji yako kwanza".

Kilichoniokoa, mke wangu alipiga simu ana uchungu wa kuzaa, nikaruka foleni nikachukua mteja anayeelekea kwetu ili nipate na mafuta. Niliporudi kesho yake nikaweka 2,000 kwenye kopo mbele yao, sikusema neno. Jioni shemeji akaweka ya kwake.

Sasa madamu na wewe chelewa siku moja usaini chini ya mstari wako. Utaona.

#11 MzeeKengele

Mwenyekiti, hongera ya mtoto. Ya kwako ilikuwa kweli, ndiyo maana ilifanya kazi. Yake yatakuwa maigizo, na hao ni walimu, wanasimamia mitihani, wanamjua mtu anayeigiza kutoka dawati la nyuma kabisa. Asichelewe makusudi. Akichelewa kwa bahati mbaya asaini chini, basi.

#12 JogooLaShamba

Sijashawishika bado, ila ya fimbo nimeisoma mara mbili.

Swali kwa mleta uzi. Ile biashara ya ubuyu bado ipo? Maana mkuu wa shule akiuza kwa wanafunzi, hapo hata uchore mstari kwa rula ya dhahabu hakuna atakayekusikia. Na kile kikundi cha mchezo wa kupeana fedha cha walimu, kijumbe anayekusanya ni nani? Usiniambie ni wewe.

#13 MamaChaki

Ni mimi. 😔 Ubuyu nimesimamisha tangu nipate barua, ndoo ziko kwangu. Sikumwambia Mama K. chochote, niliacha tu kuja nazo. Sasa hivi ninavyoandika ndio naona.

#14 JogooLaShamba

Yaani umemchorea mstari, na riziki umemfungia kabatini, na unashangaa anakuita bosi.

#15 KibuyuChaAsali

Jogoo leo kawika.

#16 FundiCherehani

Bei ya ubuyu bado sijajibiwa.

#17 MamaChaki

MREJESHO. Ni wiki ya sita tangu nianzishe uzi. Wengi mmenifuata faragha mnauliza, nimeona niandike hapa mara moja.

Kundi nilitoka saa tano usiku, siku ile ile Mzee Kengele aliyoniambia. Asubuhi niliposhuka kwenye pikipiki getini nilisikia kicheko kinatoka ofisi ya walimu, kile kicheko chetu cha siku zote, sijakisikia tangu mwezi wa saba. Nilikaa kwenye ngazi nikakisikiliza. Kiliniuma, halafu nikaona nafuu, vyote pamoja, na nadhani vilikuwa sawa kwa sawa. Nimeshapewa jina la utani. Nalijua, mlinzi kaniambia. Kisa chake ni ile rula, mnaweza kukisia.

Mchezo nimemkabidhi mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma. Chai nakunywa dakika kumi nimesimama dirishani. Wiki hii kijana wa godoro aliniuliza kuhusu mtihani wa kata wakati wa chai, na wote wakaendelea kuongea. Dakika mbili tu, halafu wakanyamaza tena. Nimezihesabu.

Mama K. sasa.

Nilimfuata kwake Jumapili na ndoo zote mbili, na fungu langu la mtaji. Nilimwambia kama mzee alivyosema, kwamba wizi tulifanya wote na mimi nimeacha, simhukumu. Alisikiliza huku anachambua mchicha. Akasema, "Ungekuja na maneno haya kabla ya rula." Nikasema ndiyo. Akapokea ndoo. Tulikula pamoja. Nikarudi nyumbani naimba.

Jumatano kikao cha kamati ya shule. Mimi kwa nafasi yangu ndiye katibu. Mwenyekiti akaleta hoja ambayo sikuiweka kwenye ajenda: wazazi wanalalamika walimu wanauza vitu kwa watoto, mtoto asiye na mia anaonekana mbaya darasani. Wajumbe wote wakakubali walimu wasiuze. Sikupendekeza mimi. Lakini sikupinga pia, kwa sababu ni kweli, mtoto asiye na mia alikuwa anaonekana mbaya, nimemwona kwa macho yangu miaka yote nikimuuzia mwenzake. Nikaandika kwenye muhtasari kwa mkono wangu.

Nilipomweleza Mama K. hakugomba. Alisema, "Umenipa ndoo Jumapili, Jumatano ukazifunika."

Na kuhusu kuchelewa, kuna mliodhani ana mgonjwa nyumbani, mkanishauri nimchunguze kwa upole. Hana. Mama K. huchelewa tu, kama mtu mwingine anavyokoroma. Mtaaluma alipendekeza kipindi cha kwanza cha darasa la kwanza apewe mtu mwingine ili yeye aje taratibu. Nilikaa na hilo siku mbili. Darasa la kwanza ndilo la KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na hakuna shule nzima anayemfikia kufundisha kusoma. Watoto anaowachukua mwezi wa kwanza hawajui kushika penseli, mwezi wa tisa wanasoma maandishi ya kanga za mama zao. Asubuhi ndiyo vichwa viko wazi. Nikakataa. Nikamwambia yeye mwenyewe, ofisini, mlango wazi, kwamba kipindi ni chako kwa sababu hakuna mwingine, na utawahi kwa sababu hiyo hiyo.

Anawahi. Saa 1:28, 1:26, juzi 1:29. Anasaini juu ya mstari, hasemi kitu, anakwenda darasani. Mstari siku hizi nachora kwa mkono, unapinda.

Na ameomba uhamisho. Maelezo yake yamepita mezani kwangu wiki iliyopita yanahitaji maoni ya mwalimu mkuu. Nilikaa na karatasi ile mpaka giza. Kama shoga yake nilitaka kuandika asiondoke. Kama niliyemkosea nilitaka aende haraka nisimwone. Nikamtafuta SistaWodi faragha usiku ule nikamuuliza. Akaniambia funika jina.

Nikafunika jina kwa bahasha. Chini yake kulikuwa na mwalimu wa darasa la kwanza mwenye uwezo mkubwa, mwenye sababu halali, kwenye shule yenye walimu tisa. Nikaandika: "Maombi yanapita. Ni mwalimu bora wa KKK. Akiondoka, shule inaomba mbadala kabla hajaripoti kituo kipya." Nikapiga muhuri. Majibu bado.

#18 MzeeKengele

Umeandika vizuri. Sasa yaandike na kwenye logibuku, kwa kifupi. Kuna mtu atayasoma na chemli.

#19 JogooLaShamba

Mimi ningemnyima. Nakuambia ukweli tu, ningemnyima na ningejiita mkali wa kazi.

Mtoto wangu alipona, kama kuna anayejali. Yule mkuu wangu aliniletea ndizi jioni ile. Sikuwahi kusimulia hiyo sehemu.

#20 MwalimuNyamira

Madam, kanga zina maandishi magumu. Huyo mwalimu si mchezo.

#21 FundiCherehani

Kwa hiyo sasa hapo shuleni ubuyu anauza nani?

#22 MamaChaki

FundiCherehani umevumilia, haya. Tulikuwa tunauza mia moja kwa pakiti. Sasa kuna mama mmoja nje ya geti, bei ile ile. Nimenunua jana. Anaweka rangi nyingi, iliki hana. Wa Mama K. ulikuwa na iliki.